Sanduku Lililosafiri Daraja la Kwanza

Mama mkwe wangu nampenda, na kwa sababu nampenda simsogelei. Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa upande wa ziwa, mashariki ya Kongo. Mwanamume hampi mkono mama wa mke wake, hali chakula mbele yake, hakai naye bega kwa bega, na akimwona anakuja njiani anageuka kuangalia kitu kingine mpaka apite. Si ugomvi. Ni heshima, na wahenga walisema heshima si utumwa, ingawa kuna siku vinafanana sana. Tangu nimuoe binti yake, maneno yangu kwa mama mkwe yalipitia kwa mke wangu au kwa watoto, na majibu yakarudi kwa njia hiyohiyo. Watoto wetu wa Sydney wanasikia Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza, kwa hiyo salamu zangu ndefu za Krismasi, zenye baraka za mababu na afya ya magoti, zilimfikia bibi yao kama "Dad says hi." Lakini zilimfikia.

Mama alikuwa akikaa Fairfield, hapohapo Sydney, kwa shemeji yangu, karibu na soko ambako alijua ni muuzaji gani ana sombe ya kweli, kisamvu cha kwetu, na yupi anauza majani tu. Kisha shemeji akapata kazi ya migodini, kule magharibi ya mbali, akahama na mke na watoto. Mama akabaki na sanduku lake moja la buluu na swali moja: aende kukaa wapi?

Mke wangu hakuona swali. Kwetu Toongabbie kuna chumba, kile chenye mashine ya kukimbilia ambayo hakuna aliyewahi kuikimbilia. Tungeitoa, tungeweka kitanda. Mama akakataa. Akamwambia binti yake kwa simu, kwa sauti ambayo niliisikia mpaka jikoni: "Mi nitakaa aje kwa mukwe? Munyumba iko na bafu moja. Asubui nakutana naye na taulo mukorido, njo nitaficha wapi macho?" Akaamua kwenda kuishi kwa mdogo wake, katika mji wa Wagga Wagga, zaidi ya saa sita kwa treni.

Mke wangu alilia. Yeye anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na siku hiyo alirudi, akavua viatu vya kazi, akakaa sakafuni akasema, "Ninaogesha mama za watu wote wa Sydney. Wangu anapelekwa Wagga kama parcel." Ukimwambia mtu anayelia kwamba mila ni mila, unajitafutia kulala kwenye kochi.

Hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo kumsindikiza mama kukawa kazi yangu. Ghala ninakofanya kazi, kule St Marys, walinipa likizo bila swali. Tiketi alinunua mke wangu. Akatutumia wote wawili, mimi na mama, namba ya safari kwenye simu, na mimi, kama wanaume wengi wenye mke mwenye akili, sikuifungua mpaka nilipofika stesheni kuu siku ya safari.

Viti vilikuwa vimefuatana. Kimoja cha dirishani, kimoja cha kando yake. Bega kwa bega na mama mkwe mpaka Wagga Wagga.

Nikampigia mke wangu. "Treni imejaa, papa," akasema kwa upole uliozidi. "It's school holidays. Hivyo ndivyo viti vya mwisho." Mke wangu akiniita papa, yaani baba, kwa sauti ile, kuna jambo ameshalimaliza bila mimi. Nikaenda dirisha la tiketi kuomba kubadilishiwa kiti. Nilijaribu kumweleza yule dada nyuma ya kioo kwamba siwezi kukaa karibu na mama wa mke wangu. Akacheka mpaka akaegemea kiti. Akasema nusu ya Australia ina shida hiyohiyo, na kwamba hata mama mkwe wake mwenyewe angempakia treni ya mizigo. Nikamwambia hapana, mimi nampenda sana. Akasema, "Sure you do, love," akamwita mtu anayefuata.

Hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa programu ile ya treni: mabehewa ya daraja la kwanza yamebakiza kiti kimoja, na kinauzwa kwa mnada. Mwenye tiketi ya kawaida anaandika bei yake, mwingine akiandika kubwa zaidi unapata ujumbe kwamba umepitwa, na kabla treni haijaondoka anayeongoza anahamishiwa mbele, kwenye viti vipana. Majina hayaonyeshwi. Unachagua abiria katika safari yenu, unaandika bei, unasubiri.

Nilimshukuru Mungu palepale. Mama ataenda mbele, kwenye kiti kipana, apumzishe magoti. Mimi nitabaki nyuma peke yangu na miguu yangu mirefu. Heshima imelindwa, na nitapata sifa mpaka Wagga. Nikachagua jina la mama, nikaandika bei ndogo ya kizalendo.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi mbali kidogo, kanipa mgongo kama inavyotakiwa, sanduku la buluu miguuni na kapu la chakula mapajani. Amevaa kitenge kipya na sweta la mjukuu. Alikuwa anaangalia simu. Sikushangaa. Kina mama wa kanisa letu wako kwenye kundi la simu ambalo halilali, na wengi wao ni mabingwa wa minada ya mtandaoni. Wananunua friza, masufuria ya harusi, makochi ya watu waliotalikiana. Mama mwenyewe aliwahi kumshinda mtu wa mkahawa kwa sufuria ambalo mtoto angeweza kuogea ndani.

Simu ikatetemeka. Nimepitwa.

Nikapandisha kidogo. Nikapitwa tena, kabla hata sijarudisha simu mfukoni. Nikapandisha zaidi, nikapitwa. Mimi ni mtu mpole, lakini si kwa namna hiyo. Nikaanza kuangalia watu kwenye platifomu, kumtafuta adui yangu, na nikampata: bwana mmoja mwenye kofia na mkoba wa ngozi, anayetazama simu yake huku akitabasamu. Nikasema moyoni, huyu anataka kiti cha mama wa watu ili anyooshe mkoba wake. Nikamkazia macho. Akanipungia mkono. Jeuri, nikasema, na nikapandisha kwa hasira.

Wewe unayesoma umeshamjua adui. Mimi sikumjua. Hata nilipoona kila nikibonyeza simu yangu mama anasogeza miwani, ananong'ona neno la sala na kubonyeza ya kwake, nilifikiri anajibu kina mama wa kanisa.

Nikaendelea mpaka pale ambapo mke wangu asingenisamehe, nikaacha. Yule bwana wa kofia akaondoka kwenda treni nyingine kabisa, jambo ambalo lingenifundisha kitu kama ningekuwa mtu wa kufundishika. Kisha simu ikalia tena, mlio wa furaha. Ujumbe ulinipongeza. Ulisema mimi, jina langu lote kamili, nimehamishiwa daraja la kwanza.

Nikausoma tena, na bado nikasimama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Ndipo mama akainama, akaligusa sanduku lake begani, kama sanduku lina bega, akaliambia kwa sauti ya kunifikia:

"We sanduku. Ambia baba ya batoto kiti yake iko kule mbele. Mi njo nilimukamatia. Miguu yake ni mirefu, ataumia. Kuko mutu alinisumbua sana, kila nikipandisha naye anapandisha, lakini Mungu ni mukubwa."

Sikuwahi kupigwa na mzigo kabla ya hapo. Tulikuwa tumepigania kiti kimoja, yeye kwa ajili yangu na mimi kwa ajili yake, na kila mmoja alimpandishia mwenzake bei kwa upendo. Programu imekula pesa za mama, na laiti ningekuwa nimekaa kimya angekipata kiti kwa bei ya soda.

Lakini sikuweza kwenda mbele. Fikiria: treni inasimama Wagga, mdogo wake mama yuko pale na ukoo mzima, mkwe anashuka behewa la mabwana na mama mkwe anashuka nyuma na kapu. Afadhali niruke dirishani njiani. Nikaliinamia sanduku na mimi. "We sanduku, ambia Mama kiti akae yeye. Mimi siwezi."

"Sanduku, mwambie hapana. Mi nilipiganisha kwa jina yake."

"Sanduku, mwambie Mama magoti yake."

"Sanduku, mwambie magoti ni yangu."

Tulifika mpaka mlango wa behewa tukibishana hivyo, sanduku katikati, na kondakta, mtu wa makamo mwenye ndevu, akisikiliza lugha asiyoijua na kuelewa kila kitu. Akatuambia kwamba kiti ni cha mmoja wetu tu, hakiwezi kupewa abiria mwingine, na kwamba treni inaondoka sasa hivi. Mama akapanda behewa la kawaida akakaa dirishani. Mimi nikapanda nyuma yake kwa sababu singeweza kumwacha. Tukakaa bega kwa bega, kila mmoja ameshinda na kila mmoja ameshindwa, na kule mbele kiti cha bei ghali kuliko vyote kikawa kitupu.

Rafu ya mizigo ya behewa letu ilikuwa imejaa masanduku ya likizo. Kondakta akaangalia la kwetu, akaangalia kitabu cha abiria, akakuna ndevu. "Mmelipia kiti," akasema. "Na mzigo ni wenu." Akalichukua sanduku la buluu, akaondoka nalo kwenda mbele. Baadaye alipita akatuambia amelifunga vizuri pembeni ya dirisha na kwamba linafurahia mandhari.

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha. Tumebaki bila mkalimani.

Kwa muda mrefu tulikaa hivyo. Sijui kama umewahi kujikunja upande mmoja ili bega lako lisimguse mtu, kwenye kiti cha watu wawili, na wewe ni mrefu. Nusu ya mwili wangu ilikuwa kwenye njia, na kila aliyekwenda chooni aliniomba radhi kwa goti. Mama alikuwa amejibana ukutani mpaka nikahofia atatokea nje. Nyumba za Sydney zikaisha, yakaja mashamba. Halafu ikaja njaa.

Kapu lilikuwa miguuni pake. Harufu ya samaki wa kukaanga na mandazi ilitoka humo bila huruma. Nilijua amepika kwa ajili yangu, na alijua najua, na hakuna aliyeweza kula mbele ya mwenzake. Tumbo langu likaanza kusema waziwazi. Nikageuza uso upande wa pili wa njia, kuangalia dirisha la wenzetu ili nijisahaulishe. Pale alikaa mzee mmoja Mzungu, mke wake amelala begani kwake, mdomo wazi, hana habari na dunia. Mzee alikuwa anakula sandwichi. Akaona macho yangu, akadhani yako kwenye chakula chake, akaikata nusu akanipa. Nikakataa. Akasisitiza. Huko kwetu chakula ukikikataa mara ya tatu umemtukana mtu, kwa hiyo nikapokea.

Sasa nina nusu sandwichi mkononi na mama mkwe ubavuni. Mzee ananitazama, anasubiri nionje. Siwezi kula, siwezi kurudisha, siwezi kuificha. Natia chumvi kidogo tu nikisema kwamba nilifikiria kuitumbukiza mfukoni.

Ndipo nikasikia sauti. Haikupitia kwa mtoto, wala kwa mke, wala kwa sanduku.

"Kula, papa. Mi niko naangalia bakondoo."

Mama alikuwa ameligeukia dirisha kabisa, mpaka paji la uso limegusa kioo. Nje kulikuwa na kondoo kweli, wengi, wamesimama kwenye majani makavu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu mimi mwenyewe tangu nilipotoa mahari. Nikala. Nilikula ile sandwichi haraka nikimtazama mzee, mzee akaniinulia dole gumba, na mama akahesabu kondoo wake bila kugeuka. Nilipomaliza nilikohoa kidogo. Akageuka, akalisogeza kapu kwa mguu likafika kwangu, akawarudia kondoo. Nikala samaki. Nikala mandazi, mengi.

Kisha nikasema, na sauti yangu ilitetemeka kama ya kijana aliyekuja kuposa, "Mama, sasa mimi niangalie bakondoo. Na wewe ukule."

"Bakondoo biko huku kwangu," akasema.

"Nitaangalia ya huku."

Upande wangu hakukuwa na kondoo. Kulikuwa na yule mzee na mke wake aliyelala. Nikawaangalia wao, kwa adabu, kwa muda wote ambao mama alikuwa akila nyuma yangu. Nilisikia akitafuna kwa raha. Mzee akajiangalia kifungo cha shati, akajifuta mdomo, akaangalia nyuma yake, mwisho akafumba macho naye.

Tuliendelea hivyo mpaka milima ikapita. Zamu yake kuangalia kondoo, zamu yangu kumwangalia mzee. Mama akinywa chai, nageuka. Nikijinyoosha miguu, anageuka. Hakuna aliyefundisha mwenzake, na tulipofika katikati ya safari tulikuwa hatugongani tena. Mwili wangu ulirudi wote kwenye kiti bila mimi kutambua. Nililiambia dirisha la upande wangu kwamba binti wa Mama analia jioni, na kwamba mashine ya kukimbilia nimeshaitoa chumbani. Nilifikiri hakusikia, kwa sababu treni ilikuwa inapiga honi.

Baada ya muda mrefu akauliza, uso wake bado uko kwa kondoo: "Kwenu kuko dirisha?"

Nilichelewa kumwelewa. Halafu nikakumbuka taulo na korido, nikamwelewa. "Kuko, Mama," nikasema. "Ziko mingi. Hata mukorido kuko moja."

"Inaangalia nini?"

"Jirani. Na jirani hana kondoo. Iko na mbwa moja."

Akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko cha mama mkwe wangu kwa karibu. Ni kicheko cha mke wangu kilekile, kinachoanzia puani.

Wagga ilikuwa na joto. Mdogo wake mama alikuwa amesimama platifomu na watu wake, na treni haijasimama vizuri vigelegele vilishaanza. Tukashuka wote wawili mlango mmoja, behewa moja, na palepale mila ikaturudia kama koti lililoachwa mlangoni. Nikasogea mbali hatua kadhaa nikaangalia paa la stesheni. Mama akakumbatiwa, akazungushwa, akaulizwa habari za njiani. Akasema ni nzuri. Mdogo wake akamwambia chumba kimepakwa rangi, na kwamba sasa ni hapa mpaka mwisho. Mama akageuka kutafuta sanduku lake.

Kondakta akashuka kule mbele, kwenye mlango wa mabwana, na sanduku la buluu mkononi, akalileta mpaka kwetu na kuliweka chini taratibu kama anashusha waziri. Ukoo mzima uligeuka kulitazama. Nikaona mdogo wake mama anataka kuuliza.

Mama akainama, kwa magoti yale mabaya, akaligusa begani. Akasema kwa sauti ya kuwafikia wote, na ya kunifikia mimi niliyekuwa naangalia paa:

"We sanduku, usizoee hapa. Tuko nasalimia watu tu. Kisha baba ya batoto anaturudisha Toongabbie. Na umuambie safari hii asipandishe. Tutakaa palepale nyuma, ku bakondoo."